Chini ya Viti Sita

Mdogo wangu Holger alisaka viti miaka kumi na tisa, vyote vya jengo moja: hospitali ya kifua kikuu pale juu ya ghuba. Msanifu majengo aliyeichora alichora hata viti vyake. Wenzake wa minadani walifuata jina la msanifu. Yeye alikuwa akimfuata Mama.

Mama alifia mle Holger akiwa na miaka minne. Watoto hawakuruhusiwa kuingia. Kila Jumapili Baba alitusimamisha bustanini tupunge mikono kuelekea dirisha la ghorofa ya pili. Mimi nilimwona. Holger, kwa udogo wake, aliona kioo tu, na mpaka ameota mvi aliniuliza, "Una hakika alinitazama?"

Viti vya ghorofa ile vilibaki sita, akavipata vyote. Mwezi wa Mei tulivitoa uani, tukavipiga msasa, kisha tukavipaka sabuni nyeupe, kama mbao zinavyotunzwa huku kwetu Denmark. Mimi nilishika upande wa chini.

"Dada, huko nani atachungulia?" akanitania. "Au unataka kutokea upande wa pili?"

"Baba alinifunza kusafisha hata pasipoonekana. Wewe ulifunzwa kunywa kahawa."

Akacheka, akanijazia kikombe.

Jumamosi iliyopita alikuja Bi Thyra, aliyekuwa nesi wa hospitali ile, sasa ana miaka tisini na mmoja. Alikuwa amesikia habari za viti.

"Kuandika barua kulimchosha mama yenu," alisema. "Lakini kila Jumapili mkishaondoka alikigeuza kiti chake, akaandika chini kwa penseli jinsi Holger alivyokuja. Kofia nyekundu. Goti lina bandeji. Tulimwacha tu."

Holger akageuza cha kwanza. Cha pili. Mpaka cha sita. Vyote vilikuwa vyeupe, laini.

"Labda chake hakimo," akasema.

Niliyakumbuka maandishi madogo niliyoyakuta Mei chini ya kiti kimoja, sikumbuki kipi, mistari juu ya mistari. Nilidhani ni hesabu za seremala. Niliyasugua mpaka jasho likanitoka, na nikajisifu.

"Kilikuwemo, Holger. Maandishi niliyafuta mimi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alivisimamisha viti kimoja kimoja, kisha akamgeukia Bi Thyra.

"Kofia nyekundu?"

"Nyekundu, baba."

Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akalia. Hatukujua kama ndicho.