Shaba Iliyokataa Kuwa Pesa

Bi Mwanamkisi alikuwa barazani kwake, mtaa wa Mkomani, akiusugua upatu, sinia la shaba la kupigwa harusini, kwa ndimu na majivu, Ridhwani, karani wa serikali, alipofika na punda wa makapu kukusanya shaba. Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vya Wajerumani. Shaba ya Ulaya ilikwisha kwa risasi, na serikali ilitaka kodi ya nyumba ilipwe kwa pesa mpya. Ikaamua kuzipiga papa hapa Amu, kwa masinia ya watu.

Masinia Bi Mwanamkisi aliyatoa bila maneno. Upatu ndio uliomuuma. Ijumaa alikuwa akimwoza bintiye Hadia, na katika ukoo wao bibi harusi hatoki ndani mpaka ausikie upatu uliomtoa mama yake.

“Bwana Ridhwani, ngoja harusi ipite, kisha rudi, ndoo uutukue.”

“Vita havingoji harusi, Bi.” Akautia kapuni.

Alhamisi asubuhi Famau, mfua shaba, aliyeyusha kila kitu pamoja katika ua wa forodha, akamimina vipande vya duara. Pesa hupigwa nyundo moja tu, juu ya muhuri wenye sura ya mfalme wa Waingereza. Famau akapiga moja, nyundo ikaongeza mbili za haraka, kwa mdundo wa harusi, na mkono ukafuata. Kipande kikatanuka, pua ya mfalme ikaenea mpaka ikapotea, kikawa upatu. Cha pili nacho vilevile. Famau akaagiza kahawa, maana kazi ingekuwa ndefu.

Ridhwani alimnyang’anya nyundo ampigie mfano. Huyu ni mtu ambaye hata harusini kwake hakucheza, lakini kufika upatu wa tatu mabega yalikuwa yakimwenda yenyewe. Askari wa zamu aliilaza bunduki chini apate kupiga makofi.

Sauti ikapanda mpaka Mkomani. Bi Mwanamkisi aliijua kuwa ni ya upatu wake, na furaha ikamjaa hata akalia.

“Toka, mwanangu,” alimwambia Hadia. “Waitwa.”

Hadia akatoka siku moja kabla, hina ya mguu mmoja bado mbichi, na hapana aliyemlaumu. Wanawake waliteremka forodhani kwa vigelegele. Kila nyumba iliyotoa sinia ikapewa upatu, ikaupiga. Ijumaa baada ya sala ndoa ikafungwa, na pilau ikaliwa vyunguni, maana masinia hayakuwako tena.

Jumamosi Ridhwani alibisha hodi, sauti imemkauka kwa kuimba. Alikula kiporo cha pilau, akawaombea maharusi kizazi chema, kisha akadai kodi kwa pesa mpya.

“Pesa mpya haiko, Bwana. Wewe mwenyewe umeipija ikawa upatu.”

“Kweli, Bi, haiko,” alisema Ridhwani. “Kodi iko.”

Akamfungua mbuzi wa maziwa aliyekuwa uani, amchukue badala ya kodi. Wanawake, ambao harusi ilikuwa haijawatoka mwilini, wakawasindikiza yeye na mbuzi kwa vigelegele mpaka mwisho wa mtaa.