Mgongo Mlangoni

...na komeo la juu halishiki, tangu mvua za vuli mbao zimevimba na komeo halifiki kwenye tundu lake, kwa hiyo ni hili la chini tu pamoja na mgongo wangu, mgongo wa mwalimu wa uraia mwenye presha, nimeubana mlangoni na visigino nimevikaza sakafuni, na kila wanapopiga teke meno yangu yanagongana, "Mwalimu Nada, fungua, tutolee huyo mwizi!", hiyo ni sauti ya Zubeiri muuza nyama, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Zubeiri aliyeingia kaburini kumpokea mama tulipomzika, mikono ile ile, ee Mola, mikono ile ile sasa inabomoa mlango wangu... na huyu hapa, Lucas, fundi rangi, kachuchumaa chini ya dirisha la sebule yangu, nyusi imepasuka, damu inamshuka mpaka kwenye kola, anaifuta kwa kiganja chenye rangi ya kijani ya chumba changu mwenyewe, "mama, bangili sikuchukua, haki ya Mungu sikuchukua", na mimi namtazama na sijui, hilo ndilo linalonila, sijui, ningejua kwamba hakuiba ningesimama hapa imara kama mnara wa msikiti, lakini sijui, asubuhi nilihamisha nguo kabatini asije akazirushia rangi na bangili zilikuwepo, nilizishika, baada ya adhuhuri nikarudi, kitambaa nilichozifungia kipo, bangili hakuna, na chumbani alikuwa yeye peke yake... bangili za mama, za dhahabu, alizovishwa siku alipoingia nyumba ya baba yangu, hakuzivua maisha yake yote, hata alipokosa nguvu ya kuinua kijiko zilikuwa mkononi, nilimvua mimi, kwa maji na sabuni, mkono umeshapoa, nikilia... "Wifi! Toka humo, atakudhuru!", Sabra huyo, wifi yangu, naye analia, masikini, mimi nilimwambia neno moja tu uani, Sabra, sizioni bangili za mama, sikusema mwizi, sikutaja jina la mtu, naye akatoka barazani akapiga ukelele, mwizi, fundi rangi, na ukelele ukishatoka mtaani kwetu Makorora nani wa kuurudisha, Lucas alikuwa dukani ananunua chapati, wakamdaka na chapati yake mkononi, akachomoka akakimbilia hapa, nikamwingiza, nikafunga, mkono ulifunga kabla akili haijauliza... mwizi hakimbilii nyumba aliyoiibia, si ndivyo, au ndiyo hukimbilia, mtu anayepigwa hukimbilia popote penye mlango wazi, haithibitishi kitu, Nada, usijidanganye, na amejuaje kwamba zilizopotea ni bangili, lakini mtaa mzima unapiga kelele bangili, bangili, hata kiziwi ameshajua, hilo nalo halithibitishi kitu, "Dada Nada!", Zubeiri tena, sauti imekauka, "si tunakupigania wewe? Dhahabu ya marehemu mama!", na ni kweli, wananipigania, wananipenda, ndiyo balaa yake, wanataka kuniulia mtu kwa mapenzi, na watu hawa ndio waliokaa nami matangani, waliopika, waliofagia uwanja, nitawaangaliaje kesho nikienda sokoni, watasema mwalimu yule alimweka kando mama yake akamkumbatia mtu wa Pongwe, mtoto wa wakata mkonge, mtu hata dini si moja... na hiyo harufu gani, petroli, astaghfirullah, ni petroli, inaingia chini ya mlango, na mtu anauliza tairi liko wapi kama anayeuliza jembe, polisi nimewapigia, wamesema gari linatoka, linatoka wapi, linatoka lini, "leteni hiyo petroli hapa!", na Lucas kaisikia, kaanza kutetemeka kidevu, anasimama, anageuza mifuko yake nje, msasa, sarafu, kitambaa, "mama, nipekue, nakuomba, nivue nguo zote unipekue", na moyo wangu unaruka, naam, hilo ndilo, nimpekue, nisipozikuta nitawaambia kwa sauti ya juu hana, basi, wataondoka... na nikizikuta? Nada, na ukizikuta? Ziwe zimefungwa kiunoni mwake, dhahabu ya mama yako, joto la mwili wake limezishika, je, hapo utafungua mlango? Utageuka ushike hilo komeo la chini ulivute, halafu ukae pembeni umpishe apite, umsikie? ... la. La, wallahi. Hata nikizikuta sifungui. Kumbe hata nikizikuta sifungui! Sasa nilikuwa nataka kujua kwa ajili gani, nimesimama hapa muda wote huu nikipima kama anastahili mgongo wangu, fundi huyu, kana kwamba mgongo wangu ndiyo mahakama, na nimeyafundisha mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, ubaoni kwa chaki, katiba yetu inasema aliyeshitakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike, asikilizwe, asiteswe, asidhalilishwe, watoto wananakili, wanajibu mtihani, wanasahau, nami nilikuwa nayasoma kama mtu anavyosoma bei za duka ambamo hanunui, sikujua kwamba maneno yale yana uzito, kwamba siku moja yatakuwa mbao na bawaba na visigino vyangu hivi viwili, "kaa, Lucas", nasema, na sauti yangu imebadilika, hata mimi naisikia, "sikupekui, mimi si askari wala si hakimu, kaa, bana hiyo nyusi kwa kitambaa, maji yako hapo kwenye jagi", naye ananitazama kama hajaelewa, "mama, unaniamini?", na swali gani hilo, "sijui kama nakuamini, lakini humu hutolewi", na ajabu ni kwamba amekaa, kidevu kimetulia, kama aliyepewa kitu kikubwa kuliko kuaminiwa... teke jingine, bega langu, uuh, bega, na sasa kuna sauti nyingine karibu kabisa na ufa wa mlango, ya upole, ya adabu, katikati ya makelele yote yale, "Shikamoo, mwalimu", na ulimi wangu unajibu wenyewe, "Marahaba", na ghafla pananyamaza nje, kimya, maana mtu akishaamkia na kuitikiwa hawezi tena kuvunja mlango ule ule, amkio limekaa katikati yetu kama mgeni, "Ni mimi, Muhanad", Muhanad wa pikipiki, Muhanad aliyekuwa akilala dawati la nyuma mpaka nikamwandikia mzazi wake kwamba hasikii kitu, "Mwalimu, polisi umewaita?", "Nimewaita, Muhanad", "Basi", anasema, basi tu, halafu kwa sauti ya kuwafikia wote, "petroli imetoka kwenye pikipiki yangu, na naimwaga mtaroni, haya, oneni", nasikia inavyogugumia kutoka kwenye chupa, kisha kitu kizito kinaegemea mlango, lakini hakisukumi, kinauegemea, mbao zinatulia, mgongo, ni mgongo, huko nje kuna mgongo umekutana na wangu na kati yetu ni upana wa mbao tu, "Ondoka hapo, kijana", Zubeiri anafoka, "Siondoki, mjomba, kama ana kosa atalikuta mbele ya sheria", "Umenunuliwa nini wewe?", "Sijanunuliwa, nilifundishwa", na mimi, Nada binti Himyar, mwenye presha, mwenye bangili zisizoonekana, machozi yananitoka na ninacheka, alikuwa anasikia, yule mtoto kichwa juu ya dawati na macho yamefumba, alikuwa anasikia! ... na wa pili wa kumuunga mkono yupo, namsikia akisema twendeni bwana, na mama mmoja anauliza kama kuna aliyeziona hizo bangili kwa macho yake, na Zubeiri amesogea, najua pumzi zake, anasema chinichini kama siku ile ya maziko, "Dada Nada, niambie moja tu. Kaiba au hakuiba?", na kama angeniuliza mwanzo ningelia, sasa jibu limekaa mdomoni limeiva, "Sijui, kaka Zubeiri. Wala wewe hujui. Ndiyo maana nimefunga", nasikia makubazi yake yanasugua mchanga, hajaondoka, lakini hapigi tena teke, na gari halijafika, umati upo, Sabra bado analia, dhahabu ya mama sijaipata na huenda nisiipate kamwe, bega linawaka moto, na Lucas mwana wa Ernesti, wa Pongwe, anakunywa maji yangu kwa mikono miwili, mtu mwizi au mtu asiye mwizi, mtu, nami najiona nimejaa mlango huu kutoka juu mpaka chini, sijawahi kuwa mkubwa hivi maishani mwangu, haya, njooni tena, pigeni, semeni mnayoyasema, leo hapa hapiti mtu...