Aliyemtangulia Darajani

Justa alikuwa na kikohozi cha wiki mbili, na usiku ule alikohoa kwa ukaidi wake mwenyewe. Chupa ya asali ilikuwa pale juu ya stuli. Vijiko viwili tu vingemtuliza, kama vilivyomtuliza jana yake, lakini aliapa hata tone moja halitapita kooni mwake. Asali ya mwanamke mwingine! Afadhali mbavu zivunjike.

Yote yalianza jioni, jirani yake Evelina alipokuja kusukwa nywele. Evelina mdomo wake hauna breki.

"Jirani, Jumamosi nimemwona mumeo pale daraja la Busisi na pikipiki yake. Kapakia mwanamke. Tena mwanamke mwenyewe kajifunika kanga ya njano uso mzima, utadhani mwizi."

Justa alicheka, akasema labda ni mtu kaomba lifti. Moyoni hakucheka. Florian si bodaboda, ni mwalimu wa hesabu. Siku aliyonunua pikipiki alimwahidi mkewe kwamba darajani watavuka kwanza wao wawili, polepole, waangalie ziwa huku na huku. Kila Jumapili akawa na mitihani ya kusahihisha. Kumbe mwenzake keshapelekwa! Na ile asali aliyoileta Jumamosi hiyohiyo, akidai kainunua sokoni Mkuyuni, ilifungwa mdomo kwa kipande cha kanga. Kipande chenyewe cha njano.

Saa nane za usiku alishindwa kuvumilia.

"Florian, mwenye kanga ya njano ni nani?"

Florian, Mhaya wa watu, ambaye hata bei ya nyanya hukueleza kuanzia mbegu, safari hii aliisogeza tu ile chupa.

"Kunywa asali, mke wangu. Utapona."

"Nimekuuliza swali."

"Niliapishwa nisiseme."

Kumbe wameshafika kwenye viapo! Justa alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kikohozi. Alimwona mwanamke huyo waziwazi: kijana, mwembamba, kifua hakimbani, amemkumbatia Florian kiuno huku upepo wa ziwa ukipeperusha kanga yake. Wivu ulimkaba kuliko kikohozi.

"Kukicha unipeleke Busisi kwa mama. Narudi kwetu."

Cha ajabu, Florian alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Sawa," alisema. "Hilo naliweza."

Sawa! Hata kubembeleza hakubembeleza.

Waliondoka alfajiri. Justa alishika keria kwa nyuma na kuliweka begi la nguo katikati, asimguse. Asubuhi yenyewe ilikuwa nzuri ya kuudhi. Jua lilikuwa linayapaka mawe ya Butimba rangi ya chungwa, hewa ilikuwa baridi, na baada ya Usagara barabara ilinyooka kati ya mashamba yenye umande. Florian aliendesha taratibu, kwa sababu ya kifua cha mkewe, na hilo nalo lilimuuma Justa. Walipofika Kigongo na daraja likaanza, Justa alifumba macho. Hakutaka kuangalia kilichokwisha kuangaliwa na mwingine. Alisikia upepo tu, hadi ng'ambo.

Mama yake alikuwa anafagia uwanja. Alipomwona mkwe wake alifanya kama anavyofanya kila siku, kama mama wa Kisukuma anayejiheshimu: aliangusha ufagio, akavuta kanga kutoka mabegani, akajifunika uso mzima na kugeukia ukutani.

Kanga ilikuwa ya njano. Pindo moja lilikuwa limechanwa.

Justa alisimama na begi lake mkononi. Florian alikwenda kujificha nyuma ya mti wa mpapai.

"Mama! Ni wewe?"

"Shangazi yako wa Kigongo hampi asali mtu asiyemjua," mama yake alisema, bado ameukabili ukuta. "Na goti hili halimalizi daraja. Ningefanyaje, na mwanangu anakohoa? Nilikaa kinyumenyume, kapu katikati, uso nimeufunika. Nikamwapisha asimwambie mtu. Mkwe kumpakia mama mkwe! Watu wa hapa wangenichekaje?"

Justa alicheka hadi kikohozi kikamshika, na safari hii aliomba mwenyewe asali kidogo aliyobakiza mama. Aliilamba huku akilia. Lakini wivu wake haukuisha. Ulihama tu.

"Kwa hiyo umevuka na mume wangu kabla yangu."

"Nilichungulia kidogo kwenye kanga," mama yake alikiri kwa sauti ndogo. "Mwanangu, lile ziwa! Na Busisi yetu inavyobaki nyuma inakuwa ndogo, mpaka ukataka kuipungia mkono."

Mchana begi lilirudi kwenye pikipiki, likafungwa mbele kwenye tangi. Justa alipanda akiwa amegeukia nyuma.

"Utaanguka," alisema Florian.

"Mama hakuanguka. Nami nataka kuona alichokiona."

Wakaingia darajani mwendo wa kinyonga. Maji yakafunguka kulia na kushoto, na kule mwisho wa barabara mama yake alikuwa amesimama, doa la njano linalozidi kupungua. Justa alilipungia mkono mpaka likapotea. Alihisi mgongo wa mumewe ukitikisika kwa kicheko.

"Na yeye alikuegemea hivi?" aliuliza.

"Kulikuwa na kapu, mke wangu. Kubwa."

"Haya," alisema Justa, akamlalia mgongoni kwa uzito wake wote.