Udobi wa Waliotoka Jela

Tangu alfajiri Mama Povu hakutulia. Mara yuko kwenye beseni, mara dirishani, mara ameshika shuka lililokwisha kunjwa, analikunjua alikunje upya.

"Dada, utalichosha hilo shuka," mdogo wake alimtania kutoka meza ya pasi.

Hakucheka. Wageni walikuwa njiani, watu wa mfuko unaosaidia biashara za kijamii zikue. Aliwaomba mashine kubwa za kufulia, apate kuhudumia hospitali nzima badala ya wodi moja. Wote waliofua, kuanika na kupiga pasi pale walikuwa wametoka jela wakakosa wa kuwaajiri. Alianza na mdogo wake, damu nzito kuliko maji, wengine wakafuata. Sasa wapya walizidi kubisha hodi, naye aliwarudisha kwa kukosa nafasi. Kila aliyemrudisha aliondoka na usingizi wake.

Lakini lililomwasha leo lilikuwa jingine. Mshauri aliyeletwa na mfuko alimwambia: "Mama, mashine hazimlizi mtu. Asimame mmoja wao aeleze alifungwa kwa kosa gani na leo yuko wapi. Mdogo wako atafaa sana." Naye akaitikia, bila kumuuliza mwenyewe.

Akajikaza, akamwambia.

Mdogo wake akaisimamisha pasi. "Mtaa huu wananiita fundi. Watoto wananiita mjomba. Nikishasema hayo mbele ya kamera, kesho wataniitaje?"

"Ni dakika chache tu, mdogo wangu."

"Kifungo changu nilikimaliza, dada. Wewe unaniongezea."

Akavua aproni, akatokea mlango wa nyuma. Wenzake wakatazamana, wakazima pasi, wakamfuata mmoja mmoja. Gari la wageni likasimama nje.

Kiongozi wao, mama mmoja mtu mzima, alitazama meza tupu. "Watu wako wako wapi?"

Mshauri, aliyefika nao, alimkonyeza Mama Povu atunge lolote. Mama Povu akamgeukia mgeni.

"Wako uani," alisema. "Niliwaahidi ninyi kuwa watasimulia maisha yao. Ahadi haikuwa yangu kuitoa."

"Sasa tutajuaje kama kazi hii inawasaidia?"

"Waulizeni hospitali kama shuka limewahi kupotea au kuchelewa. Waulizeni wao kuhusu kazi, watawajibu mpaka mchoke. Ya jela muwaachie wenyewe."

Wageni wakaenda uani, kamera zikabaki garini. Mdogo wake aliwaeleza jinsi ya kuondoa doa la damu, akaulizwa, akajibu, akaulizwa tena. Waliondoka bila kuahidi kitu.

Siku zilizofuata alizungumza na dada yake mambo ya sabuni na pasi tu. Mama Povu alimpikia, akamsemesha. Akajibiwa "ndiyo" na "hapana". Mpaka jioni moja alipomwomba msamaha waziwazi, mbele ya wenzake. "Yameisha, dada," mdogo wake akasema, na safari hii alimtazama usoni.

Jibu la mfuko lilipokuja, lilikuwa la mashine moja, kwa majaribio. Wafanyakazi wakapiga vigelegele. Mama Povu akampigia simu mwanamke aliyemrudisha mara ya mwisho, akamwambia aje kesho. Kabla hata hajakata simu, macho yalikuwa mlangoni. Ule mlango mwembamba! Mashine ingepitaje? Akaanza kuupima kwa mikono, huku akimwita fundi mwashi.