Vibonyezo Laki Moja na Sitini Elfu

Nilesh, kijana wa Dar es Salaam anayesimamia kazi yangu, alinipigia simu Ijumaa nikiwa sokoni Mkuyuni, akaniambia nafanya udanganyifu. Mimi, Mwajuma Hatibu, mpiga taipu mstaafu, naambiwa hivyo na mtoto ambaye ningeweza kumzaa. Nilichemka.

Kazi yenyewe naipenda. Kampuni yao inaniletea mafaili ya zamani, nami nayachapa upya kwenye kompyuta nikiwa nyumbani, huku juu mlimani. Wiki iliyotangulia waliweka humo ndani programu inayohesabu kila kibonyezo cha kibodi na kila mbofyo wa kipanya, kisha inampelekea Nilesh hesabu hizo. Basi yeye aliona sifuri Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa vibonyezo laki moja na sitini elfu kwa dakika moja. Kipanya, sifuri. Akasema hakuna binadamu wa hivyo, nimeweka mashine inibonyezee, na kesho anakuja kuichukua kompyuta yao.

Akaja kweli. Shikamoo alinipa, adabu anayo. Nikamweleza kwamba kwangu hakuna mtandao, kwa hiyo programu inazitunza hesabu humo humo, na Ijumaa nikishuka nayo sokoni zinakwenda zote kwa mkupuo. Kipanya sina haja nacho, vidole vinatosha. Hakuniamini.

Nikatoa kanga begani, nikafunika kibodi pamoja na mikono yangu, kama tulivyofundishwa chuoni ili macho yasichungulie. Nikamwambia anichagulie ukurasa wowote. Nilichapa dakika kumi huku namuuliza habari za mama yake, za barabara, na kama amekula. Maswali mawili aliyajibu; nilipofika la tatu alikuwa ameinamia skrini, akifuata mistari kwa kidole.

Tukashuka wote sokoni na kompyuta. Mtandao ulipokamata, simu yake ikapokea hesabu: vibonyezo elfu nne mia moja kumi na nane. Kipanya, sifuri. Akaanza kucheka, nami nikacheka, hata wauza ndizi wakatucheka. Akaniomba radhi mbele yao na kusema kompyuta inabaki kwangu.

Ningeweza kumsimanga, lakini macho yangu yalikuwa kwenye simu yake. Miaka thelathini na moja nilichapa barua za wakubwa, wakatia saini zao, na hakuna aliyewahi kunihesabia hata herufi moja.

"Mwanangu," nikamwambia, "ile hesabu ya wiki nzima bado unayo? Hebu nionyeshe."