Kamba wa Kwenye Chale

Jumatatu saa tatu asubuhi, mwaka 1994, waganga wa kienyeji kumi na wanane walibanana kwenye madawati ya darasa la tatu, Kibiti, wafundishwe kujikinga na damu ya wagonjwa. Bwana Mfaume wa wilayani alisimama ubaoni.

"Kila mgonjwa wembe mpya. Na kabla ya kumchanja, vaa mpira."

"Kwa umri huu, mwanangu?" akauliza Bi Kijakazi wa Kiongoroni. Darasa zima likacheka.

"Mpira wa mikono, bibi. Ukishautumia, unautupa."

Akamgawia kila mmoja jozi moja. Jozi ya Bi Kijakazi ilinuka shombo, na vidoleni yalikuwa yamenata maganda ya kamba. Tangu biashara iachiwe huru, tajiri aliyepeleka kamba wa delta Ulaya alitaka wamenywe kwa mikono safi, na mipira ya mradi huu wa waganga ilipita kwake kwanza.

Bi Kijakazi alirudi kijijini, akaichemsha, akaianika, akaivaa. Kidole gumba chake kilikuwa na kidonda kibichi, na mdogo wake, Zabibu, alikuwa anakonda tangu Ramadhani. Kesho yake asubuhi akamchanja kifuani. Hapakutoka damu. Alitoka kamba mmoja, mzima, akipiga mkia. Kisha mwingine.

"Wanawasha," alisema Zabibu.

"Tulia. Wako wengi."

Kufika adhuhuri beseni lilijaa na mipira ilikuwa imechanika. Kamba walinuka usaha. Majirani walitazama, wakaenda kupika mihogo yao.

Habari zikafika wilayani, na Alhamisi Bwana Mfaume akaja kwa boti pamoja na wafanyakazi sita wa tajiri, barafu, na boksi zima la mipira mipya. Bi Kijakazi akanyoosha mikono.

"Hii ya waokota kamba, bibi. Ulaya hawali kitu kilichoshikwa ovyo."

"Na mimi ninayechanja?"

"Wewe si umeshafundishwa? Cheti unacho."

Wafanyakazi wakavaa, wakapiga magoti kuuzunguka mkeka wa Zabibu. Kifua chake kilikuwa kimevimba na kuchezacheza. Bi Kijakazi akamchanja kwa mikono mitupu. Ikatoka damu, damu ya kawaida, ikajaa kwenye kidonda cha kidole gumba.

Bwana Mfaume akakunja uso.

"Hiyo haina soko. Vaa ile ya zamani."

Bi Kijakazi akaivaa mipira iliyochanika, damu ikiwa ndani. Alipochanja tena, kamba wakaendelea kutoka.