Bei Ambayo Hata Mama Hauziwi

Magoti ndiyo yaliyompeleka dukani. Alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli, na mtaa mzima ulimwita Mikate, mkewe naye akiwemo. Miaka ya kupanda vilima na kreti mbili nyuma ilikuwa imemmaliza, na sasa kila asubuhi magoti yake yalilia kama bawaba kavu. Daktari akasema baiskeli basi. Mkewe akauza cherehani, akaongeza fedha kwenye akiba ya mumewe, akamkabidhi bahasha.

"Usirudi bila pikipiki," akamwambia. "Na usirudi na deni."

Mwenye duka aliitwa Bei ya Mwisho, kwa sababu hakuwahi kutaja bei isiyokuwa ya mwisho, hata ile ya kwanza. Alikuwa bonge la mtu, leso begani, na alijua kusifia pikipiki mpaka mteja akaona haya kwa kuja kwa miguu. Kitu kimoja tu hakukijua: kuiendesha. Aliwahi kuanguka ujanani, mara moja, ikamtosha.

Mikate aliipenda ile nyekundu. Bei ya Mwisho akataja bei ya mwisho. Mikate akataja kilichomo kwenye bahasha. Pengo lilikuwa laki tatu.

"Kaka, unataka nifunge duka?" Bei ya Mwisho akashika kifua. "Ongeza kidogo."

"Sina cha kuongeza, bosi. Hiki ndicho nilicho nacho, na cherehani ya mke wangu imo humo humo."

"Sikiliza nikwambie ukweli. Kwa bei hiyo, hata mama yangu mzazi simuuzii!"

Maneno haya kila mtu ameshayasikia sokoni, na tangu dunia iumbwe hakuna aliyeyajibu. Lakini Mikate alikuwa mtu wa kuchukua neno kama lilivyo. Isitoshe, mama mwenyewe alimfahamu: nyumba ya geti la bluu, mkate mmoja siku moja baada ya nyingine.

"Umemuuliza?" akasema.

"Nani?"

"Mama."

Bei ya Mwisho akacheka mpaka leso ikaanguka. Alipoiokota, Mikate alikuwa ameshapanda baiskeli.

Mama alikuwa uani akichambua mchele. Mikate akamweleza yote bila kutia chumvi.

"Alisema hata mimi haniuzii?"

"Ndiyo, mama. Alishika na kifua."

Mama akauweka ungo chini. "Tangu mvua za mwaka jana hajakanyaga hapa," akasema. "Kumbe bado ananitaja." Akaingia ndani kuvaa viatu vya heshima.

Dukani, Bei ya Mwisho alipomwona mamaye akiingia na mkoba kwapani, aliinuka kama mwanafunzi aliyefumaniwa.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Nimekuja kununua pikipiki. Hiyo nyekundu. Nianzie ile bei ambayo siuziwi."

"Mama, pikipiki ya nini na umri huo?"

"Mteja huulizwa anaenda wapi?" Wateja wengine wakaanza kusogea. "Miezi tisa nilikubeba. Nilikutoza nauli?"

"Hapana, mama."

"Punguza."

Akapunguza. Mama akaleta kunyonyesha, akapunguza. Akaleta usiku wa surua, akapunguza, jasho likimtiririka. Akaleta surua tena.

"Mama, surua umeshaitoa! Niliumwa mara moja tu!"

"Ya pili ilikuwa yangu. Wewe ndiye uliyeniambukiza."

Watu wakapiga makofi. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ulimvunja mwenyewe mifupa yote. Bei ikashuka mpaka kwenye bahasha ya Mikate, ikaipita. Hata hivyo mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Mama alipokwisha kumlipa kutoka kwenye bahasha hiyo, Bei ya Mwisho akaandika risiti taratibu, akimtazama Mikate kwa jicho la pembeni.

"Bei hii ni ya mama peke yake," akasema. "Kwa hiyo kadi ya umiliki inatoka kwa jina la mama. Mama tu."

Nje, mama akamrudishia Mikate chenji yote. "Mpe mkeo." Kadi akaitia kifuani.

"Mama, hiyo kadi..."

"Kadi yangu, si umesikia? Wewe chukua ufunguo, beba mikate yako. Ila kila Jumapili uniletee mwanangu, umpakie nyuma. Jumapili kumi na mbili zikitimia, kadi nakukabidhi."

Mikate akauona akilini uso wa mkewe. Alikatazwa kurudi na deni, na sasa anarudi na deni la mtu mnene.

"Mama, fanya nne."

"Kumi na mbili."

"Sita, na mkate wa bure."

"Mkate nitaupokea. Jumapili ni kumi na mbili."

Jumapili ya kwanza Bei ya Mwisho alikataa katakata. Ana kazi, anahesabu mali. Mikate hakubishana. Alijikalia mlangoni na kila mteja aliyeingia akamweleza, kwa adabu, mama alinunua kwa bei gani. Mteja wa tatu hakumkuta mwenye duka. Alikuwa ameshapanda nyuma, amefumba macho, amemkumbatia Mikate kiunoni kama mtoto.

Kwa mama alifika na sharti lake: nusu saa. Mama akataka saa mbili. Wakakubaliana saa moja, mwana akala sahani mbili, akalala kitini mpaka jioni. Jumapili nyingine waligombana juu ya bomba linalovuja. Iliyofuata akaja na spana. Mikate akisubiri getini hakuona haya kusema kwamba alikuwa akiwaonea wivu. Yeye wa kwake alishamzika.

Ya kumi na mbili ikapita. Kadi akapewa, mkewe akaisoma mbele na nyuma, akaifungia kabatini. Jumapili iliyofuata, kwa mara ya kwanza, Mikate alilala mpaka jua likapanda. Simu ikalia.

"Uko wapi wewe?" Ni Bei ya Mwisho. "Nimesimama hapa tangu asubuhi."

"Bosi, deni limekwisha. Leo ni nauli."

"Nauli ngapi?"

Mikate akataja. Ilikuwa bei ya aibu, na aliitaja kwa raha zake zote.

"Kaka! Punguza basi."

"Kwa chini ya hapo," akasema Mikate, "hata mama yangu mzazi nisingembeba."

Mkewe aliacha kufagia ili asikie. Kisha Bei ya Mwisho, ambaye maishani mwake hakuwahi kukubali bei ya kwanza ya mtu yeyote, akasema kwa sauti ndogo:

"Haya, nalipa hiyo hiyo. Njoo upesi tu. Tukichelewa, mama huwa anakuja kusimama getini."